Gari la Watu Wawili

Gari ni jekundu, Alfa Romeo isiyo na paa, na lina viti viwili tu. Mwenye gari ni Jeremy Prokosch, mtayarishaji wa filamu kutoka Marekani, mtu wa suti nzuri na hasira za karibu. Yuko nje ya studio za Cinecittà, Roma, na mbele yake wamesimama mke na mume: Paul Javal, mwandishi, na Camille, ambaye amefika sasa hivi kumfuata mumewe kazini. Prokosch anawakaribisha nyumbani kwake wakapate kinywaji. Halafu, kama jambo la kawaida kabisa, anasema bibi apande naye garini, bwana atafute teksi.

Camille anasita. Anamtazama mumewe, anamwita kwa jina. Paul anamwambia nenda tu, mimi nakuja nyuma. Gari linaondoka kwa kishindo na Paul anabaki anaangalia vumbi.

Akija kufika, amechelewa kama nusu saa, ana hadithi ya teksi iliyopata ajali, na mke aliyemkuta bustanini si yule aliyeachana naye pale studio. Hajapigwa, hajaguswa, hakuna lililotokea ambalo ungeweza kulipeleka kwa wazee likasikilizwa. Lakini mapenzi yameisha. Filamu nzima inayofuata ni Paul akiuliza kwa nini, na Camille akikataa kumjibu.

Filamu hii ni *Le Mépris*, maana yake Dharau, iliyoongozwa na Jean-Luc Godard mwaka 1963. Brigitte Bardot ni Camille, Michel Piccoli ni Paul, Jack Palance ni Prokosch. Wapenzi wa sinema huiweka kwenye orodha zao za filamu bora zilizowahi kutengenezwa, na kila mara naona sababu wanazozitoa ni za rangi, muziki na bahari ya kisiwa cha Capri, Italia. Ni kweli, vyote vipo. Mimi hunirudisha lile gari.

Niseme nakaa wapi katika ugomvi huu. Naandika skripti za tamthilia, ndiyo kazi inayonilisha. Najua hatua zake: unaitwa, unasifiwa kwamba unajua kuandika, halafu unaambiwa uongeze mapenzi kidogo maana episodi ya tatu imepoa. Unarudi nyumbani unasema moyoni kwamba unafanya hivi kwa ajili ya familia, na siku moja utaandika kile kitu chako. Kwa hiyo wanawake wenzangu wanapoitazama filamu hii na kukaa upande wa Camille, mimi najikuta kwenye kiti cha Paul, na kiti chenyewe kinachoma.

Maana Paul naye ana kile kitu chake. Anataka kuandika tamthilia za jukwaani. Ila wamenunua ghorofa Roma na bado inadaiwa, na Prokosch ana kazi: filamu ya *Odisei*, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer, inayotengenezwa pale Cinecittà haimpendezi, imejaa sanaa mno, na anatafuta mtu wa kuiandika upya. Mwongozaji wa filamu hiyo ni Fritz Lang. Si mtu aliyebuniwa. Ni Fritz Lang mwenyewe, mzaliwa wa Vienna wa mwaka 1890, aliyetengeneza *Metropolis* mwaka 1927 na *M* mwaka 1931, ambaye Godard alimwomba aje aigize nafsi yake, miwani ya jicho moja na yote. Paul anaambiwa, kwa lugha ya hundi, akarekebishe kazi ya mzee huyu. Na anaichukua hundi.

Kabla sijafika huko, kuna tukio la kitandani, na lina hadithi yake. Godard alikuwa amezoea kutengeneza filamu ndogo ndogo za bei nafuu. Safari hii alikuwa na fedha za Carlo Ponti wa Italia na Joseph E. Levine wa Marekani, pamoja na Georges de Beauregard aliyefanya naye kazi tangu mwanzo, na alikuwa na Bardot, nyota mkubwa kuliko wote Ufaransa wakati ule, ambaye malipo yake yalikula sehemu kubwa ya bajeti. Wenye fedha walipoona filamu imekamilika wakauliza: mbona hatuoni mwili? Tumelipia Bardot, Bardot yuko wapi? Godard akaambiwa arudi akapige picha za utupu.

Akarudi, akapiga. Ndilo tukio tunalolikuta mara tu baada ya majina ya watengenezaji. Camille amelala kifudifudi, Paul yuko pembeni yake, kamera inatembea taratibu juu ya mwili, na Camille anauliza: unaipenda miguu yangu? Vifundo vya miguu je? Magoti? Mapaja? Anapanda hivyo hivyo, kiungo kwa kiungo, kama mtu anayehesabu vyombo vya nyumba kabla ya kuhama, na Paul anajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mwanzo picha ni nyekundu tupu, katikati inakuwa ya rangi ya kawaida, mwisho inageuka buluu. Wenye fedha wakapata walichokidai. Ila ukiangalia vizuri utaona wameuziwa orodha. Mwili umekatwa vipande na kusomwa kwa sauti, na anayeusoma ni mwenye mwili mwenyewe, kwa sauti iliyopoa kiasi kwamba tamaa inakosa pa kushika. Camille anamaliza kwa kusema, basi unanipenda mimi yote. Paul anajibu: nakupenda yote, kwa upole, kwa msiba.

Huwa najiuliza kama Levine aliipenda. Nadhani hakujua afanye nini nayo.

Hapa ndipo ninapoona filamu hii inazungumzia jambo gani hasa. Kuna wanaume watatu wanaokula fedha ya mtu mmoja wa aina ya Prokosch. Wa kwanza ni Lang. Wa pili ni Paul. Wa tatu haonekani mpaka mwishoni: ni Godard. Wote watatu wameuza kitu. Tofauti yao ni kwamba wawili wanajua walichouza.

Tazama chumba cha kuonyeshea filamu. Wamekaa wanaangalia vipande vya *Odisei* alivyopiga Lang: sanamu za miungu zilizopakwa rangi machoni, anga la buluu nyuma yake, Poseidon, Athena, na pia ya Penelope, mke wa shujaa Ulysses. Chini ya skrini pameandikwa kwa Kiitalia maneno yanayonasibishwa na Louis Lumière, mmoja wa waanzilishi wa sinema, kwamba sinema ni uvumbuzi usio na mustakabali. Prokosch anacheka kama mvulana pale mwogeleaji wa kike anapotokea bila nguo, halafu anakasirika kwa kuwa mengine yote ni sanaa. Anasema anaipenda miungu, anajua kabisa inavyojisikia. Lang anamjibu kwa utulivu: miungu haikumuumba mwanadamu, mwanadamu ndiye aliyeiumba miungu. Prokosch anashika kopo la mkanda wa filamu analirusha kama mtupa kisahani wa Olimpiki, na Lang anasema, hatimaye umeanza kuielewa Ugiriki.

Kisha Prokosch anatoa sentensi yake maarufu: kila akisikia neno utamaduni, anachomoa kitabu cha hundi. Lang anakumbuka pale pale kwamba wafuasi wa Hitler walikuwa na sentensi hiyo hiyo, ila wao walichomoa bastola. Na hundi yenyewe inaandikwa wapi? Prokosch anamwinamisha katibu na mkalimani wake, Francesca, na kuiandika juu ya mgongo wake. Paul anaona. Anaipokea, anaikunja, anaitia mfukoni.

Prokosch anakumbushwa pia kwamba mwaka 1933 Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, alimwita Lang ampe usimamizi wa sinema ya Ujerumani, na usiku uleule Lang akaondoka nchini. (Lang mwenyewe aliipenda sana hadithi hiyo. Watafiti waliochunguza pasipoti yake wanasema hakuondoka usiku uleule. Mimi simlaumu, msimulizi mzuri anajua pa kukaza.) Jibu la Prokosch ni kwamba huu si mwaka 1933 bali ni 1963, na huyu mzee atapiga picha ya kile kitakachoandikwa.

Lakini mzee habishani. Anakubali, anatabasamu, ananukuu shairi la Mjerumani Hölderlin, halafu anarudi kwenye kazi yake na kuifanya kama anavyoijua. Alipoulizwa kuhusu skrini pana ya CinemaScope alisema haikutengenezwa kwa ajili ya watu, inafaa nyoka na mazishi. Anayasema hayo ndani ya filamu iliyopigwa kwa skrini pana hiyo hiyo. Utani huo ni wa Godard, lakini mdomoni mwa Lang unakaa kama wa kwake.

Sasa huyu Francesca, aliyeigizwa na Giorgia Moll. Watu wengi wanaoandika kuhusu filamu hii humpita, na mimi naona ndiye anayeibeba. Prokosch anaongea Kiingereza tu. Camille anaongea Kifaransa tu, na Paul hana Kiingereza cha kutosha kufanyia biashara. Lang anaruka kutoka Kijerumani hadi Kifaransa hadi Kiingereza. Katikati yao anakaa Francesca, anatafsiri. Ila hatafsiri kama mashine. Mara anatangulia kabla mtu hajamaliza, mara anapunguza ukali, mara anaongeza ya kwake. Prokosch anaposimama kwenye uwanja mtupu wa Cinecittà kulia juu ya ufalme wake, maana ardhi imeuzwa lijengwe duka la bei poa, Francesca anamwambia Paul kwa Kifaransa kwamba huu ndio mwisho wa sinema. Hayo hayakusemwa.

Yeyote aliyekulia kwenye vibanda vya video vya kwetu, ambako filamu ya Kichina au ya Kihindi ilikuja na sauti ya mtafsiri wa Kiswahili juu yake, anamjua Francesca tayari. Tulijua kabisa kwamba jamaa anaongeza. Wakati mwingine alikuwa anaeleza filamu bora kuliko ile iliyokuwa kwenye kioo.

Ponti hakumwelewa Francesca hata kidogo. Kwa soko la Italia aliifupisha filamu, akautoa muziki wa Georges Delerue na kuweka wa Piero Piccioni, na akawaingizia wahusika wote sauti za Kiitalia. Fikiria: watu wote wanaongea lugha moja, na katikati yao amesimama mwanamke ambaye kazi yake ni kuwatafsiria. Ilibidi abuniwe maneno mengine ya kusema. Godard aliondoa jina lake kwenye toleo hilo. Ukikutana nalo mtandaoni, linapungua karibu dakika 20 kutoka zile 103 za asili, liache lipite.

Tuje kwenye ghorofa. Baada ya kutoka kwa Prokosch, Paul na Camille wanarudi nyumbani, na filamu inakaa nao mle ndani kwa karibu nusu saa. Theluthi nzima ya filamu ni mume na mke kwenye nyumba ambayo haijamalizwa, bila tukio lolote ambalo mhariri wa tamthilia angelikubali. Mimi ningerudishiwa skripti hiyo siku hiyo hiyo.

Lakini tazama kinachofanyika humo. Mlango mmoja haujawekwa kioo, fremu tupu, na Paul anaufungua kwa adabu mara moja, mara nyingine anapita tu katikati ya fremu. Sofa ni jekundu. Camille anaoga, anatoka amejifunga taulo jekundu. Paul anaoga, anatoka amejifunga shuka jeupe begani kama mzee wa Roma ya kale. Kwenye beseni la kuogea hatoi kofia kichwani wala sigara mdomoni, anataka kufanana na Dean Martin, mwigizaji wa Marekani. Wanapanga meza. Wanapigiwa simu na mama yake Camille. Wanazungumzia mapazia. Na katikati ya mapazia Paul anauliza: una nini leo? Camille anasema hana kitu. Wanaendelea. Anauliza tena.

Ndoa nyingi nilizoziona zikivunjika zilivunjika kwa namna hii, kwa swali moja linalorudi kati ya sahani na simu, mpaka lenyewe likawa ndilo kosa. Paul hajui alichofanya, au anajua na anataka Camille ndiye akiseme. Hapo ndipo ninapotofautiana na maelezo ya kawaida. Wengi husema Paul alimuuza mkewe kwa mtayarishaji, na Camille akaliona hilo. Labda. Lakini mume anaweza kukosea haraka mbele ya tajiri, akashtuka, akarudi nyumbani akasema nilikuwa mjinga, nilipaswa kukataa tukapanda teksi wote. Nadhani Camille alikuwa anaisubiri sentensi hiyo nusu saa nzima. Paul badala yake anamkabidhi uamuzi: nikubali kazi hii au niache? Twende Capri au tusiende? Nafanya hivi kwa ajili yako, kwa ajili ya hii nyumba unayoipenda. Kila uamuzi anaufunga vizuri na kuuweka mikononi mwa mkewe, kisha anamlaumu kwa uzito wake.

Wakati mmoja anampiga kofi. Filamu haiongezi muziki hapo, wala haigeuzi uso.

Baadaye wanaketi wakitazamana, na katikati yao kuna taa ya mezani. Kamera ya Raoul Coutard haikati kutoka uso mmoja kwenda mwingine kama tulivyofundishwa. Inateleza kulia mpaka kwa mmoja, inarudi kushoto mpaka kwa mwenzake, inapita kwenye taa kila safari, na Paul anaiwasha na kuizima, anaiwasha na kuizima. Mara nyingine inamfikia mtu akiwa amekwisha kusema, kwa hiyo tunasikia jibu na kuona ukimya. Nimewahi kujaribu kuieleza shoti hiyo kwa mwongozaji mmoja niliyekuwa nafanya naye kazi. Akaniuliza kama hatukuwa na muda wa kupiga pande zote mbili.

Na bado Godard hakutuacha tumsikie Paul peke yake. Kuna mahali ghafla sauti zao zinatoka ndani ya vichwa vyao, mara Paul, mara Camille, na picha fupi fupi zinapita: Camille kitandani, Camille barabarani. Riwaya ya Alberto Moravia iliyozaa filamu hii, *Il disprezzo* ya mwaka 1954, imesimuliwa yote na mume. Ndani yake mke haelezeki kwa sababu aliyeshika kalamu ndiye asiyeelewa. Godard, ambaye aliidharau kidogo riwaya hiyo na kuiita ya kusomea kwenye treni, alimpa Camille dakika chache za kuwaza kwa sauti yake. Chache mno, lakini Moravia hakumpa hata hizo.

Camille pia anavaa wigi jeusi mle ndani, nywele fupi, na ghafla Bardot anafanana na mtu mwingine. Anafanana na Anna Karina, mke wa Godard, aliyeoana naye mwaka 1961 na ambaye ndoa yao wakati huo ilikuwa inapepesuka. Wanaoijua historia hiyo huitazama ile nusu saa kwa aibu kidogo, kama waliosikia majirani kupitia ukutani. Sidhani ni lazima uijue. Wigi linafanya kazi hata bila habari za nje: Paul anamwona mkewe kwa rangi nyingine ya nywele na hamtambui, na jambo analolisema ni kwamba anampenda zaidi akiwa na nywele zake za dhahabu.

Mume wangu niliitazama naye siku moja. Alivumilia mpaka kwenye taa. Kisha akasema, "Mama watoto, huyu bwana si angesema tu samahani?" Nikamwambia ndiyo filamu yenyewe. Akasema basi ni fupi kuliko walivyoifanya.

Kuhusu *Odisei* yenyewe kuna mabishano mengi, na mengine ni ya kupamba tu. Prokosch ana nadharia kwamba Penelope hakuwa mwaminifu. Paul anaishika nadharia hiyo, kwa kuwa inalipa, na kuiongezea yake: Ulysses, shujaa wa utenzi huo, alichukua miaka kumi kurudi kwa mkewe kutoka vitani kwa sababu hakuwa na hamu ya kurudi. Lang hakubali. Kwake ulimwengu wa Homer ni ulimwengu halisi, watu wanaopatana na dunia yao, na kuwatia maradhi ya akili ya siku hizi ni kuwaharibu. Lakini wakishafika Capri, Paul akitembea na Lang mlimani, anatoa toleo jipya. Ulysses, anasema, alimwambia Penelope asiwafukuze wale wachumba waliokuwa wakimtaka, apokee zawadi zao, awe mchangamfu nao. Penelope, mwanamke wa moyo mwepesi, akaanza kumdharau. Ulysses akagundua kwamba ameshampoteza, na njia pekee iliyobaki ilikuwa kuwaua wachumba.

Amesimulia gari jekundu tangu mwanzo hadi mwisho. Lang anamsikiliza, anamjibu kwa sentensi moja: kifo si hitimisho.

Nyumba ya Prokosch huko Capri ni Casa Malaparte, iliyosimama kwenye mwamba juu ya maji, rangi ya matofali, na ngazi pana inayofunguka kuelekea juu ya paa tupu. Ilikuwa ya mwandishi Curzio Malaparte, aliyefariki mwaka 1957 na kuiusia Jamhuri ya Watu wa China. Ndugu zake walikwenda mahakamani, jambo ambalo halitamshangaza msomaji yeyote wa kwetu. Mwaka 2016 tamasha la Cannes liliweka picha ya Piccoli akizipanda ngazi hizo kwenye bango lake. Ni picha nzuri sana. Mimi nadhani Capri ni nzuri kupita kiasi, na kuna dakika ambapo Godard anasahau ugomvi na kuitazama bahari. Muziki wa Delerue unamsaidia kusahau. Ile mada ya Camille, nyuzi zinazopanda na kushuka, inarudi mara nyingi mno, hata pale mtu anapopita tu chumbani. Mwongozaji Martin Scorsese aliiazima kwenye filamu yake *Casino* mwaka 1995, nami naielewa tamaa hiyo. Ni muziki unaofanya kila kitu kionekane kimekwisha kufa.

Huko Capri Prokosch anamwalika Camille warudi wote kwa boti hadi kwenye nyumba, Paul abaki na Lang. Camille anamtazama mumewe tena. Paul anasema tena: nenda. Mwandishi mwingine angeona hilo ni kurudia. Kwangu ndicho kipigo kikubwa cha filamu, kwa sababu mara ya kwanza ungeweza kusema hakufikiria. Sasa amekuwa na nusu saa yetu na usiku mzima wake wa kufikiria. Baada ya hapo Camille anamruhusu Prokosch ambusu mahali ambapo Paul ataona, na Paul anaona, na anachofanya ni kwenda kumwambia Prokosch kwamba anaacha kazi. Anasema anataka kuandika tamthilia za jukwaani. Ni uamuzi sahihi kabisa, uliofika umechelewa kwa siku moja. Amebeba na bastola, kama Ulysses wake. Camille ameshazitoa risasi.

Kinachonibakiza kwenye filamu hii miaka yote ni kituo cha mafuta. Camille ameondoka na Prokosch kwa lile gari la watu wawili, wanaelekea Roma, wanasimama kujaza mafuta. Francesca hayupo. Kwa mara ya kwanza wawili hawa wako peke yao bila mtu wa kuwatafsiria, na wanaongea kwa vipande: neno moja la Kifaransa, neno moja la Kiingereza, mikono. Prokosch anamuuliza atafanya nini Roma. Camille anaonyesha kwa vidole: atapiga taipu. Atatafuta kazi ya ukarani. Prokosch anaona ni wazimu. Hajamwelewa, kwa kuwa alidhani amempata, na Camille anapanda tu gari kama watu wanavyopanda basi. Mume wangu haamini hilo. Anasema mwanamke hatoki Capri na tajiri ili akapige taipu, ni maneno tu. Tumelibishania mara nyingi, na kila mara namrudisha kwenye uso wa Bardot pale kituoni: hakuna mahali pengine katika filamu nzima anapozungumza bila kujilinda.

Ni uamuzi pekee katika *Le Mépris* ambao mtu anaufanya bila kumkabidhi mwenzake.

Halafu breki, kishindo, na tunaonyeshwa gari limebanwa kwenye lori lenye tela, wote wawili wamekufa. Hatuioni ajali, tunaiona baada ya kwisha. Wanaoipenda filamu hii hulisifia hilo, na kama upigaji picha ni kweli limefanywa kwa ustadi. Kama skripti, mimi ningelirudisha. Lang ametoka kusema kwamba kifo si hitimisho, na dakika chache baadaye anayeiongoza filamu hii halisi anahitimisha kwa kifo, tena kifo cha mtu aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza jambo lake. Nitaletewa utetezi kwamba Moravia naye alimuua mke ndani ya gari la mtayarishaji. Ndiyo, na Godard alibadilisha mambo mengi ya Moravia alipotaka. Alimgeuza mwongozaji, aligeuza nadharia, aligeuza nani anaamini nini kuhusu Ulysses. Hili alilikuta akaliacha.

Juu ya paa la Casa Malaparte kazi inaendelea. Lang anapiga picha ya Ulysses akiiona Ithaca, kisiwa cha kwao, kwa mara ya kwanza, na msaidizi wake anayepaza amri kwa wafanyakazi ni Godard mwenyewe, mwajiriwa wa Lang, akitii. Lang anasema kitu ulichokianza lazima ukimalize. Paul anakuja kumuaga. Anaulizwa atafanya nini sasa. Anasema anarudi Roma kumalizia tamthilia yake ya jukwaani. Wanaume wawili wenye kalamu, mmoja wa riwaya na mmoja wa filamu, walimuua mpiga taipu, na mwandishi wakamwacha hai aende akaandike.